Mkono wa Nyongeza

Habari mbaya sokoni hazihitaji mjumbe ikiwa meza yako iko jirani na ya Donya Castula, muuza vitunguu. Ulimi wa mama yule haukujua likizo. Jumamosi ile Donya Basilia, muuza viazi, alikuwa bado anamenya kitunguu cha supu yake ya asubuhi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Oruro, mji wa milimani, aliposikia mtu anakohoa kikohozi kisicho cha kifua.

"Haya, sema," alisema Basilia bila kuinua kichwa. "Kikohozi hicho nakijua."

"Mimi? Mimi sina la kusema. Mimi nauza vitunguu vyangu."

"Castula."

"Nasema tu, mwenzangu, kwamba kofia ile ya kahawia pale kwa Rufina naifahamu. Labda macho yangu. Macho ya uzee haya."

Basilia akatazama. Safu ya tatu, karibu na mlango wa upande wa juu, msichana mgeni pale sokoni aitwaye Rufina alikuwa amemwaga viazi vyake juu ya turubai la buluu. Mbele yake alisimama mwanamke mfupi, sketi pana ya kijani, shali nyeusi, kofia ya kahawia yenye utepe uliochakaa upande mmoja. Hakuna kofia mbili kama ile mjini. Alikuwa Donya Nieves, kasera wake.

Mtu ambaye hajauza sokoni anaweza kuuliza, kwani kuna nini? Mtu si huru kununua viazi anakotaka? Ni huru, kama mume alivyo huru kulala kwa jirani. Kasera si mteja. Mteja ni mpita njia, anauliza bei, anabonyeza kiazi kwa kidole gumba, anakuvunja moyo kisha anaenda zake. Kasera ni wako, nawe ni wake, na jina ni hilo hilo moja kwa muuzaji na mnunuzi. Haulizi bei. Hagusi mali. Anasema, "Nichagulie, kasera," halafu anatazama pembeni kwa adabu wakati unamchagulia, na wewe ukimtilia kiazi kibovu hata kimoja, mkono wako na ukatike. Kwanza lakini mnaulizana baridi ya usiku, kisha watoto, kisha magoti. Anayetaja viazi kabla ya magoti hakulelewa.

Na mwisho wa yote kuna nyongeza. Hiyo haipimwi kwa mizani, inachotwa kwa mkono. Mpita njia hupata kiazi kimoja, tena kile kidogo. Kasera nyongeza yake hukua kwa miaka, haitazami amenunua kiasi gani. Donya Nieves alikuwa kasera wa Basilia kwa miaka ishirini na sita, na nyongeza yake ilikuwa machoto mawili ya viganja vyote viwili, vimejaa hadi viazi vinadondoka. Mikono ya Basilia ilikuwa mikubwa, ya kuchimbia. Watu walizoea kusema kwamba nyongeza ya Donya Nieves ni chakula cha nyumba.

Naye alistahili, kwani alikuwa na mkahawa wake kule mtaa wa juu, karibu na karakana ya malori. Mafundi na madereva walikula kwake na kulipa kila mwezi, sahani arobaini kila mchana. Supu yake ya mbavu za kondoo Basilia hakuwahi kuionja, na nyumba yake hakuwahi kufika. Ndivyo ilivyo kwa makasera. Alijua jina la binti aliyeolewa Ajentina, alijua goti la kushoto ndilo linalouma mvua ikikaribia, lakini mlango wa nyumba hakuujua. Urafiki wao ulikaa sokoni na haukudai kingine.

Miaka hii miwili Donya Nieves alikuwa amepunguza. Kutoka gunia zima la kubebewa na mbebaji hadi nusu, kutoka nusu hadi robo. "Vijana wa siku hizi wanataka wali, kasera," alikuwa akisema. "Wanaogopa viazi vitawanenepesha. Fundi wa malori anaogopa kunenepa, umesikia wapi?" Wakacheka wote wawili. Kisha akaanza kukosa Jumamosi moja moja, na Basilia akadhani ni goti.

Kumbe goti lilikuwa linamfikisha salama kwa Rufina.

"Labda amepotea njia," alisema Castula.

"Nyamaza, Castula."

"Miaka ishirini na sita, mtu anaweza kusahau safu."

"Nitakutia kitunguu hiki mdomoni na maganda yake."

Lakini moyo wake ulikuwa umeshaingia baridi. Aliona Rufina anafunga kitu kwenye mfuko, akamwona Donya Nieves anatoka kwa mlango wa juu upesi upesi, ameinamisha kofia. Mtu asiye na kosa haondoki vile. Basilia hakuionja supu yake siku ile, na kwa wiki nzima kila alichokigusa kilikuwa kizito. Tusidanganyane, ilikuwa wivu, wivu uleule wanaouana nao watu. Jumamosi iliyofuata alikaza macho kwenye kofia za watu tangu soko lilipofunguliwa, na akaiona tena kwa Rufina. Na iliyofuata pia.

Jumamosi ya nne Donya Nieves alikuja kwake.

Alikuja amevaa vizuri, shali ya sikukuu, nywele zimesukwa upya na kupakwa mafuta. Alikuwa na mfuko mkubwa mkononi na uso wake uling'aa kwa furaha ambayo Basilia, kwa macho ya hasira, aliisoma kuwa ni ufidhuli.

"Habari ya asubuhi, kasera! Baridi ya usiku umeionaje?"

Basilia alijifuta mikono kwenye aproni. Castula aliacha kupanga vitunguu. Hata muuza jibini wa nyuma alisogea karibu.

"Habari, senyora," alisema Basilia. "Ngapi?"

Neno lile halina ubaya. Ni neno la heshima, unamwambia mke wa daktari, unamwambia mwanamke yeyote mwenye viatu safi anayepita. Kumwambia kasera wako wa miaka ishirini na sita ni kumvua nguo mbele za watu.

Donya Nieves alisimama. Tabasamu lilibaki usoni kwa muda, kama mtu aliyesahau kulitoa.

"Robo gunia," alisema mwishowe. "Nichagulie..." Neno lililofuata halikutoka.

Basilia hakuchagua. Alikomba viazi kutoka juu, vikubwa kwa vidogo, akaviweka kwenye mizani, akasubiri mshale utulie kabisa, akaondoa kimoja kilichozidi. Alipokea hela. Kisha akaweka mikono yake miwili mikubwa kwenye mifuko ya aproni na akaiacha humo.

Donya Nieves aliutazama ule mfuko wa aproni. Hakudai, kwani nyongeza haidaiwi na mtu aliyelelewa. Aliinamisha kichwa, akasema, "Asante, senyora," akajitwika mzigo wake mwenyewe bila mbebaji na kuondoka akichechemea.

"Umempa!" alisema Castula kwa furaha. "Leo umempa dawa yake!"

Basilia alitarajia kwamba moyo utapoa. Haukupoa. Hasira hasara, wenye kusema wameshasema, na yeye alikuwa anaanza kuonja hasara bila kujua hata imekaa wapi.

Aliyemwonyesha ni Rufina. Ilikuwa Jumatano, siku ya wateja wachache, na Basilia alikuwa amekwenda kununua uji mzito wa mahindi ya zambarau, ule wa moto unaouzwa mlangoni. Msichana alikuwa kwenye foleni mbele yake. Basilia akajifanya hamwoni.

"Mama," alisema Rufina, akigeuka. "Najua unaniita mwizi wa makasera. Castula amehakikisha ninajua."

"Sijakutaja jina."

"Unanitaja kwa macho. Mimi yule bibi yako simtaki. Samahani kusema hivyo, lakini faida yake hainunui hata uji huu. Unajua ananunua nini kwangu?"

"Sitaki kujua."

"Viazi vitano."

Basilia akamtazama.

"Vitano, mama. Kila Jumamosi. Namwambia, bibi, nenda kwa kasera wako, kule utapata vizuri zaidi. Nakaa mtaa wake, namfahamu tangu utoto. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Nikinunua vitano kwake, kasera wangu atanichotea kumi na tano vya nyongeza. Hapo mwanangu, nimenunua au nimeomba?'"

Zamu yao ya uji ilikuwa imefika lakini hakuna aliyenyoosha kikombe.

"Na mkahawa?" aliuliza Basilia.

"Mkahawa gani? Karakana ilihamia nje ya mji mwaka juzi. Mafundi wakaenda nayo. Amekaa na benchi zake tupu muda wote huu. Ile robo gunia aliyokuja kuchukua kwako, alikuwa amejinyima tangu sikukuu ya Karnivali ili aje kwako kama mtu. Aliniambia wiki moja kabla, alifurahi kama bibi harusi. 'Rufina, Jumamosi hii hutaniona, naenda kwa kasera.'"

Basilia alitoka kwenye foleni bila uji. Alirudi kwenye meza yake akaketi, na Castula alipokohoa hakumsikia. Alikuwa anaona mikono yake tu, imekaa ndani ya aproni. Aliona haya. Kati ya watu wote wa soko lile, yeye ndiye aliyejua magoti ya mwanamke yule, na hakujua kwamba ana njaa.

Kesho yake asubuhi alichagua viazi. Alichagua kimoja kimoja, vile vyeusi vya ngozi nyembamba vinavyopasuka vyenyewe sufuriani, akaongeza viazi vikavu, vile vilivyogandishwa nje usiku wa baridi ya mwaka uliopita kisha vikakaushwa juani, akajaza nusu gunia, akalifunga mgongoni kwa kitambaa chake cha mistari. Alipanda mtaa wa juu akiuliza. Mlango ulikuwa wa bluu, na juu yake palikuwa na kibao ambacho mtu alikuwa amekipaka rangi nyeupe, lakini rangi ilikuwa nyepesi na neno CHAKULA lilisomeka bado.

Donya Nieves alifungua mwenyewe. Alitazama uso, kisha akatazama mgongo, akaona gunia.

"Karibu ndani, senyora," alisema. "Upepo ni mkali."

Chumba kilikuwa kirefu. Benchi zilikuwa zimegeuzwa juu ya meza, miguu hewani. Ukutani palibaki misumari ambako zamani zilining'inia sufuria kubwa, na chini ya kila msumari doa jeupe la duara. Kwenye jiko palikuwa na kisufuria kimoja, cha mtu mmoja.

Basilia alikaribishwa kiti, akakaa. Donya Nieves alimimina chai ya mdalasini kwenye vikombe viwili vya sahani, vile vya wageni, na akavaa shali ya sikukuu juu ya sweta kabla ya kuketi. Wakaulizana baridi. Wakaulizana watoto. Binti wa Ajentina alikuwa na mtoto wa tatu na hakuwa na kazi. Goti lilikuwa vibaya. Yote yalifuatwa hatua kwa hatua, na Basilia, ambaye alikuwa amepanda mlima na maneno kumi ya kuomba radhi, aliyashikilia mdomoni kwa adabu hadi kikombe kikafika nusu.

"Nimekukosea," alisema ndipo. "Sikujua."

"Najua kwamba hukujua."

"Nimekuita vile mbele ya Castula. Mbele ya watu wote. Nilikuwa na wivu, kasera. Mimi mzee mzima."

Donya Nieves alizungusha kikombe chake kwenye sahani.

"Niliumia," alisema. "Nilipanda na mzigo ule nikalia njia nzima, dereva wa basi akaniuliza nimefiwa na nani. Lakini nilipofika hapa nikakaa pale ulipokaa wewe, nikafikiri. Nikasema, Nieves, mtu hamkasirikii maskini. Maskini anahurumiwa. Basilia amekukasirikia kwa sababu anadhani bado una watu arobaini mezani, na umewapeleka kwa mwingine. Nikacheka, unajua? Nikapika viazi vyako nikala nacheka."

Donya Nieves alimwongezea chai kikombeni.

"Mtaa huu wote unajua. Padri anajua. Rufina anajua, mtoto nimemfuta kamasi. Alibaki mtu mmoja mji huu ambaye nikifika kwake mimi ni Donya Nieves wa mkahawa. Nilipokwenda kwa Rufina nilikuwa nalitunza jina hilo. Nilijikusanyia hela nije kwako mara mbili, mara tatu kwa mwaka, tuseme uongo wetu kuhusu wali, tucheke, uninyooshee mikono yako hiyo. Ingetosha. Sasa umekuja."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Umekuja na gunia."

Upepo ulitikisa bati. Basilia alilitazama gunia pale mlangoni alipoliweka, nusu gunia la viazi vilivyochaguliwa, akatamani liwe limeanguka njiani.

"Basi tuseme haya," alisema, na sauti yake ilikuwa inaomba. "Hili nitarudi nalo. Sikuiona benchi yoyote, sikufika. Jumamosi uje kwangu. Utaniambia vitano, nitakupimia vitano kwa mizani. Bila nyongeza. Kama mtu yeyote."

"Utaweza?"

Basilia alikigeukia kikombe chake.

"Nitazame, kasera," alisema Donya Nieves, na kwa mara ya kwanza siku ile alimwita hivyo. "Utanitazama usoni, unajua nakwenda kupika kwenye kisufuria kile, na utanipa vitano na kuweka mikono mfukoni? Wewe?"

Ulimi wa Basilia ulitaka kusema ndiyo, lakini mikono yake, iliyolala magotini, ilimjibia. Ilikuwa imeshajikunja, viganja juu.

"Unaona," alisema Donya Nieves kwa upole. "Kunywa chai yako, inapoa."

Alimsindikiza hadi mlangoni, akamsaidia kujifunga gunia mgongoni, akamfunga fundo vizuri kifuani kama mtu anavyomfungia mwanawe wa kike. Walikumbatiana. Maji yakimwagika hayazoleki, na wote wawili walikuwa wamekwisha kuishi miaka ya kutosha kulijua hilo bila kuambiana.

Jumamosi, kabla soko halijajaa, Basilia alikwenda kwa Rufina na kikapu.

"Akija, mpe hivi. Sema ni vyako."

Rufina alichukua kimoja, akakigeuza, akakirudisha. "Mama, amepika viazi vyako miaka ishirini na sita. Akivionja tu atajua, na kwangu pia hatarudi. Atanunua wapi tena?"

Basilia alirudi na kikapu chake. Saa tatu kasorobo aliiona kofia ya kahawia inaingia kwa mlango wa juu. Kutoka pale mwenye kofia angeweza kuiona meza ya Basilia, na Basilia kumwona yeye, na wakishaonana itabidi wasalimiane, na wakishasalimiana mikono ingefanya yake. Basi Basilia aliinama. Alitia kichwa na mabega ndani ya gunia lililo nyuma ya meza, kama mtu anayetafuta kitu kilichoangukia chini kabisa, akabaki hivyo kwenye giza lenye harufu ya udongo, huku akihesabu taratibu. Kufika kwa Rufina. Vitano. Kulipa. Kutoka. Alipoinuka, mlango ulikuwa mtupu.

"Umepoteza nini humo?" aliuliza Castula.

"Pete."

"Tangu lini una pete?"

"Ndiyo maana naitafuta."

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Castula alisimulia soko zima kwamba Basilia amemsusa kasera wake hadi anamgeuzia makalio, na Basilia alimwacha asimulie, kwani ilikuwa afadhali hivyo. Siku moja aliinuka mapema mno. Akamkuta Donya Nieves amesimama katikati ya safu, mfuko mdogo mkononi, anatazama upande wake. Hakutikisa kichwa wala hakupunga mkono. Alitazama tu, kwa uso wa mtu anayepewa nyongeza yake, kisha akaendelea na safari yake. Basilia alikihifadhi kile alichokiona na hakumwambia mtu.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Agosti, mwezi ambao upepo wa Oruro huchuna ngozi, aliinama saa ile ile. Akahesabu. Alipomaliza hakusikia sauti ya Rufina ikisema bei, akadhani amehesabu upesi, akaanza upya. Kiuno kilimuuma. Damu ilimjaa kichwani. Akahesabu mara ya tatu, polepole zaidi, akimpa nafasi ya goti lile la kushoto.

Mkono ukamgusa mgongoni.

"Inuka, mama," alisema Rufina. "Inuka. Tumemzika Alhamisi."

Basilia hakuinuka. Alikamata mdomo wa gunia kwa mikono yote miwili na akalia humo humo ndani, kwa sauti, juu ya viazi, na Castula, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya soko, hakuuliza kuna nini.